Alifuata madini Msumbiji, akaambulia homa: Maisha ya Arthur Holmes

Mwezi Machi 1911, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 21 aliondoka London kwenda pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo iliyoitwa Memba Minerals, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta madini yatakayolipa. Miezi sita baadaye hakuwa amepata kitu cha kuuza. Malaria ilikuwa imemlaza, na taarifa kwamba amefariki ilikuwa imekwisha kutumwa kwao.

Hakufa. Aliishi miaka 54 mingine, na katika miaka hiyo Arthur Holmes akawa mmoja wa watu waliowafundisha wanajiolojia wa dunia namna ya kusoma umri wa jiwe. Kwa wafanyabiashara wanaovuka Ruvuma, Namanga au Taveta wakiwa na vito mfukoni, jina lake huenda halijulikani. Lakini mkanda wa miamba unaotoa sehemu kubwa ya vito hivyo ulipewa jina na yeye, na jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo katika ramani za madini za Msumbiji, Tanzania na Kenya.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, eneo la makaa ya mawe na viwanda vya meli. Familia yake haikuwa ya matajiri. Mwaka 1907 alipata nafasi ya kusoma fizikia katika chuo cha Royal College of Science, London, kwa ufadhili wa pauni 60 kwa mwaka. Fedha hizo hazikutosha kuishi katika jiji lile hata kwa wakati huo. Alipohamia jiolojia alikuwa tayari na madeni, na deni ndilo lililomleta Afrika kuliko ushujaa wowote.

Kabla ya kupanda meli, hata hivyo, alikuwa amefanya jambo ambalo lingetosha kumpa mtu mwingine sifa ya maisha yote.

Wakati huo wasomi walikuwa wanabishana juu ya umri wa dunia. Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimika kuliko wote Uingereza, alikuwa amepiga hesabu ya muda ambao dunia ingehitaji kupoa kutoka hali ya moto, akapata miaka kati ya milioni 20 na milioni 40. Wanajiolojia waliona muda huo ni mfupi mno kwa milima kuinuka, kumomonyoka na kuwa mchanga wa bahari, lakini hawakuwa na hesabu ya kumjibu. Jibu lilitoka kwenye urani, madini ambayo hujigeuza yenyewe polepole na hatimaye kuwa risasi, ile metali nzito ya kijivu.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani mfano wake ni rahisi. Chukulia duka la kubadilisha fedha ambalo kiwango chake hakijapanda wala kushuka tangu dunia iumbwe: nusu ya urani yoyote iliyomo ndani ya jiwe hugeuka risasi kwa kila miaka bilioni 4.5, iwe kiangazi au masika, jiwe liwe juu ya mlima au chini ya bahari. Ukijua kiasi cha urani kilichobaki na kiasi cha risasi kilichokwisha kuzaliwa, unajua duka lilifunguliwa lini, maana yake jiwe liliganda lini. Kazi ngumu ni kupima, kwa sababu viwango vyenyewe ni vidogo sana. Holmes, akiwa chini ya mwalimu wake Robert Strutt, alipima jiwe moja la Norway na kulipatia miaka milioni 370. Jiwe la kale zaidi alilolipigia hesabu, kutoka Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka, lilifikia miaka milioni 1,640. Matokeo hayo yaliwasilishwa mbele ya Royal Society mwezi Aprili 1911. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka kuelekea Msumbiji.

Memba, iliyoipa kampuni jina lake, ni ghuba iliyoko kusini ya mdomo wa mto Lúrio, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Nampula. Ng'ambo ya Lúrio inaanza Cabo Delgado, ambayo wakati ule ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Nyassa iliyopewa na Ureno haki ya kutawala na kutoza kodi. Kwa macho ya mwanajiolojia, hata hivyo, pwani ya pande zote mbili za mto huo inafanana. Ukitoka baharini kwenda bara, iwe Memba, Pemba au Mocímboa da Praia, unapita juu ya mawe ya umri tofauti kwa utaratibu unaofanana, na utaratibu huo ndio ulikuwa darasa la Holmes.

Jiwe la kwanza ni lile ambalo kila nahodha wa jahazi analijua, kwa sababu linachana mbao. Ni mwamba wa matumbawe. Unatengenezwa na viumbe hai ndani ya maji ya bahari, ambao hujenga maganda ya chokaa, hufa, na wengine kujenga juu yao. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu zaidi kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe ya wakati ule yamebaki nchi kavu kama majabali yenye ncha kali kutoka Kenya hadi Msumbiji. Watu wa pwani hawakusubiri mwanajiolojia awaambie thamani yake. Walilichonga likiwa laini, wakalichoma tanuuni kupata chokaa, wakajenga misikiti na majumba. Ngome ya São João Baptista iliyojengwa na Wareno kisiwani Ibo mwaka 1791 imesimama kwa jiwe na chokaa ya namna hiyo.

Nyuma ya matumbawe kuna tabaka za mchanga na udongo ulioshushwa na mito. Hii ndiyo miamba tabaka: mlima humomonyoka, mto hubeba, bahari hupokea, na uzito wa mzigo wa juu hukandamiza ule wa chini mpaka mchanga unakuwa jiwe. Mto Ruvuma umefanya kazi hiyo kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na lundo lake chini ya bahari mbele ya Palma lina unene wa kilomita nyingi. Katika lundo hilo ndimo gesi kubwa ya asilia iligunduliwa mwaka 2010, ugunduzi ulioleta makampuni ya kigeni, bei mpya za viwanja na matumaini makubwa. Baadaye vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifunga njia nyingi za biashara za pwani hiyo. Holmes hakuwa na namna ya kujua juu ya gesi hiyo. Katika siku zake hakukuwa na mtambo wa kuchimba baharini kwa kina kile.

Kilichomvutia zaidi kilikuwa ndani, bara, katika nchi ya Wamakua. Huko aliona aina mbili za mawe zenye asili ya moto, na tofauti yake ni jambo ambalo aliendelea kulifikiria maisha yake yote. Moja ni lile lililotoka ardhini likiwa uji na kuganda juu, hewani. Kwa kuwa lilipoa haraka, chembe zake ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na jiwe lenyewe ni jeusi na zito. Karibu na pwani ya wilaya ya Msumbiji alikuta miamba ya volkano ya namna hiyo, akaiandikia makala iliyochapishwa mwaka 1917. Jingine ni lile ambalo halikuwahi kuona jua lilipokuwa la moto. Liliganda chini, kilomita nyingi ndani ya ardhi, likipoa kwa muda mrefu sana, na kwa sababu hiyo chembe zake zilipata nafasi ya kukua mpaka zikaonekana wazi, nyeupe, waridi na nyeusi. Hilo ndilo granaiti. Tunaliona juu leo kwa sababu mvua na mito vimeondoa kila kilicholifunika.

Na kuna jamii ya tatu, iliyo nyingi kuliko zote katika bara la Nampula na Cabo Delgado. Ni miamba iliyowahi kuwa kitu kingine, tabaka au granaiti, kisha ikazikwa, ikapikwa na kukandamizwa bila kuyeyuka kabisa, hadi madini yake yakajipanga upya katika michirizi. Wanafunzi wa Tanzania huiita miamba geuzi. Anayesafiri kwa barabara kutoka Nampula ataona vilima vyake vikisimama peke yake juu ya tambarare kama visiwa, vyenye mapaja meupe yasiyo na mti. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka kusini mwa Tanganyika miaka ya 1890, ndiye aliyevipa vilima vya namna hiyo jina la Kijerumani linalomaanisha mlima kisiwa. Holmes na mwenzake Wray waliviandikia mwaka 1913, na mwaka 1918 Holmes alichapisha maelezo marefu juu ya miamba ya kale ya wilaya hiyo.

Yote haya hayakuisaidia kampuni. Wenye hisa London hawakutaka kujua jinsi granaiti inavyoganda. Walitaka mzigo, na mzigo haukuwepo. Ni vigumu kuwalaumu, ingawa haikuwa haki pia kumtarajia kijana mwenye nyundo na wapagazi amalize nchi kubwa kiasi kile kwa miezi sita. Homa ndiyo iliyomaliza safari. Alipata nafuu ya kutosha kupanda meli ya kurudi, lakini malaria iliendelea kumrudia kwa miaka, na kwa sababu ya afya hiyo hakwenda kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwenzake mmoja katika msafara ule alikuwa Edward James Wayland. Huyu baadaye alirudi Afrika Mashariki na mwaka 1919 akaanzisha idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Uganda, iliyokuwa na makao yake Entebbe, akaiongoza kwa miaka 20. Urafiki wa kambini wakati mwingine huzaa kuliko mkataba wa kampuni. Wayland alipohitaji mtu wa kusoma mawe ya volkano ya kusini magharibi mwa Uganda, sampuli zilikwenda kwa Holmes.

Lakini kabla ya hapo Holmes alipaswa kuanguka mara ya pili. Mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo juu ya umri wa dunia, mwaka 1914 akamwoa Margaret Howe, kisha akafundisha London kwa mshahara mdogo. Mwaka 1920, akiwa na mke na mtoto, alikubali kwenda Burma kuwa mwanajiolojia mkuu wa kampuni ya mafuta. Kampuni hiyo ilifilisika. Mishahara ilikwama, na kabla hawajaondoka, mtoto wao wa kiume mwenye miaka mitatu alikufa kwa kuhara damu. Walirudi Uingereza mwaka 1922 bila fedha. Kwa muda mtu huyu, aliyekuwa na shahada ya juu ya sayansi na jina katika Royal Society, aliishi kwa kuuza dukani mjini Newcastle vitu vya mapambo kutoka Mashariki ya Mbali.

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Durham kilimwita kuanzisha idara ya jiolojia, na tangu hapo hakurudi tena kwenye kazi ya kutafuta madini.

Huko Durham alirudia swali alilobeba tangu Msumbiji: moto wa chini unatoka wapi, na unafanya nini? Kelvin alikuwa ameichukulia dunia kama chungu kilichoepuliwa jikoni, kinapoa tu. Holmes alijua kwamba urani na madini mengine ya namna yake, yanapojigeuza, hutoa joto. Kwa hiyo chungu bado kiko jikoni, na moto uko ndani yake. Mwaka 1928, katika mhadhara uliotolewa Glasgow na kuchapishwa mwaka 1931, alipendekeza kwamba mwamba mgumu ulio chini ya mabara, ukipashwa joto kwa mamilioni ya miaka, hutiririka polepole sana. Yeyote aliyepika uji anajua mwendo huo: unapanda katikati, unasambaa juu, unashuka kandokando. Holmes alisema mtiririko huo unaweza kulichana bara vipande viwili na kuvisukuma mbali, na nafasi inayobaki ikawa bahari mpya.

Alfred Wegener, Mjerumani, alikuwa amekwisha kusema mabara yanatembea, akachekwa kwa sababu hakuweza kueleza nguvu inayoyasukuma. Holmes alileta nguvu hiyo. Wengi hawakumsikiliza. Ilichukua zaidi ya miaka 30, hadi sakafu ya bahari ilipopimwa katika miaka ya 1960, ndipo wazo lake la jumla likakubalika, ingawa baadhi ya vipengele vyake vilibadilishwa. Ukisimama ufukweni Palma ukitazama mashariki, bahari iliyo mbele yako ni matokeo ya mchano wa namna hiyo: Madagascar iliwahi kushikamana na bara hili, ikaachana nalo na kuteleza kusini, na pengo likajaa maji na mchanga.

Sampuli za Uganda zilimpa ushahidi wa upande mwingine, wa uji unaotoka juu. Mwaka 1937, pamoja na H. F. Harwood, alitoa uchambuzi wa mawe ya Bufumbira, ile nchi ya volkano karibu na Kisoro ambako wafanyabiashara wa Uganda, Rwanda na Congo hukutana Bunagana na Cyanika. Mwaka huo huo alilieleza jiwe la ajabu kutoka volkano ya Katunga, akaliita katungaiti. Mawe haya yana potasiamu nyingi na silika kidogo kuliko lava za kawaida, ishara kwamba yalitoka kina kirefu. Ni wachache duniani wanaofahamu kwamba katika orodha za kimataifa za mawe kuna jina la kilima cha Uganda, na pia jiwe liitwalo ugandaiti.

Margaret alifariki mwaka 1938. Mwaka uliofuata Holmes alimwoa Doris Reynolds, mwanajiolojia aliyekuwa akifundisha naye Durham. Vita vya Pili vilipokuja, usiku alikuwa zamu ya kulinda majengo dhidi ya moto wa mabomu, na katika saa hizo ndefu aliandika kitabu chake kikubwa cha kufundishia jiolojia, kilichotoka mwaka 1944. Mwaka mmoja kabla alikuwa amehamia Edinburgh kuwa profesa.

Mwaka 1948, kwenye mkutano mkuu wa kimataifa wa wanajiolojia uliofanyika London, alirudi Msumbiji kwa njia ya ramani. Alikuwa amekusanya vipimo vya umri na mielekeo ya miamba kutoka makoloni mbalimbali, kila moja likiwa na idara yake, lugha yake na ramani inayoishia mpakani. Alipoziunganisha aliona kwamba ile miamba geuzi ya Msumbiji haiishii Ruvuma. Inapita mashariki mwa Tanzania, inapanda Kenya na kuendelea hadi Ethiopia, ikielekea kaskazini na kusini, na inapofika kando ya miamba ya kale zaidi ya Ziwa Victoria, inaikata kama kisu. Aliuita Mkanda wa Msumbiji. Makala hiyo ilichapishwa mwaka 1951.

Waliomfuata wameeleza ulivyotokea. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita vipande viwili vikubwa vya mabara viligongana hapa, milima ikapanda, na mawe yaliyonaswa katikati yakapikwa chini yake. Milima imekwisha kumomonyoka. Kilichobaki ni mizizi yake, na katika mizizi hiyo, pale ambapo viungo vilikutana kwa kiasi sahihi, vilitengenezwa vito. Rubi huhitaji alumini nyingi, kromiamu kidogo ya kuipa wekundu, na silika isiwepo karibu, sharti gumu kwa sababu silika iko karibu kila mahali. Kinywe ni mabaki ya viumbe vya kale yaliyopikwa mpaka kaboni peke yake ikabaki. Ndiyo maana kinywe cha Balama huko Cabo Delgado, cha Ruangwa na cha Mahenge kinafanana, na mnunuzi mzoefu anaweza kuona undugu kati ya mawe ya Montepuez, ya Taita na ya Mererani.

Rubi za Montepuez ziligunduliwa mwaka 2009, kama kilomita 200 kutoka Memba kwa mstari ulionyooka. Zilivuta garimpeiros, kama wachimbaji wadogo wanavyoitwa Msumbiji, na wanunuzi kutoka nchi nyingi, Watanzania wakiwemo. Mwaka uliofuata Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma kati ya Mtambaswala na Negomano, miamba ya mkanda ule ule ikiwa pande zote mbili.

Holmes hakuwahi kupata faida yoyote ya fedha kutokana na mkanda huo. Alipata medali ya Wollaston mwaka 1956, mwaka ambao Mmarekani Clair Patterson, akitumia njia ya urani na risasi, alichapisha umri wa dunia unaokubalika mpaka leo, takriban miaka milioni 4,550. Mwaka 1964 alipewa tuzo ya Vetlesen. Alifariki London tarehe 20 Septemba 1965, mwaka ambao toleo jipya la kitabu chake lilitoka. Tanzanaiti ya kwanza iliokotwa Mererani miaka miwili baadaye.